Mary McLeod Bethune: Mtoto Aliyerudi Nyumbani na Somo

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Kutoka 4:1–5, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, 2 Wafalme 4:1–7, Zekaria 4:10, Yohana 6:5–13.

Wazo Kuu: Mafanikio ya mtoto shuleni hupimwa pia kwa kile anachorudi nacho nyumbani kwa ajili ya wengine.

Kila muhula unapofungwa, wazazi hupokea ripoti za watoto wao. Jicho hukimbilia kwanza kwenye nafasi: amekuwa wa ngapi kati ya wangapi? Baraza la kanisa nalo huuliza kama shule yetu imefaulisha kuliko shule ya jirani. Maswali hayo si mabaya. Danieli na wenzake walipimwa mbele ya mfalme, na Biblia haikuona haya kuandika matokeo yao (Danieli 1:18–20). Hata hivyo lipo swali moja ambalo ripoti haina nafasi ya kuliandika: Je, ni nani mwingine amefaidika kwa sababu mtoto huyu amejifunza kusoma?

Juma hili tutaangalia maisha ya mwanamke aliyelijibu swali hilo tangu akiwa darasa la kwanza. Hakuwa Mwadventista. Alizaliwa katika familia ya Kimethodisti na kusomeshwa katika shule za umisheni za Wapresbiteri. Lakini kila mwalimu wa shule ya kanisa, na kila mwalimu wa Shule ya Sabato anayehudumia watoto, ana la kujifunza kwake.

Kitabu Alichoambiwa Akiweke Chini

Mary Jane McLeod alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na Mayesville, katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Samuel na Patsy, walikuwa wamezaliwa utumwani, na ndugu zake wengi pia. Utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865, miaka kumi tu kabla hajazaliwa. Mary alikuwa mtoto wa 15 kati ya watoto 17.

Wazazi walikuwa wamejinyima hadi wakapata kishamba chao wenyewe, ambapo familia nzima ililima pamba. Watoto walianza kuchuma pamba wangali wadogo, na Mary alikuwa hodari wa kazi hiyo. Nyumbani ilikuwemo Biblia, lakini hakuna aliyeweza kuisoma. Katika siku za utumwa, sheria za South Carolina zilikataza kuwafundisha watumwa kuandika, na wenye mashamba hawakutaka wasome. Uhuru ulipokuja, watu walitoka mashambani wakiwa na mikono yenye nguvu, lakini macho yao hayakujua herufi.

Mama yake aliendelea kufanya kazi katika nyumba ya familia ya Wazungu iliyowahi kummiliki. Siku moja Mary alifuatana naye. Akiwa pamoja na watoto wa nyumba ile, alikiona kitabu akakichukua. Mmoja wa wasichana wale akamwambia akirudishe, kwa kuwa yeye hawezi kusoma.

Neno lile lilimwingia. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku hiyo alianza kufikiri kuwa pengine tofauti kubwa kati ya watu wa nyumba ile na watu wa nyumba yao ilikuwa jambo hili moja, kujua kusoma. Akarudi nyumbani akiwa na nia ya kujifunza, ingawa hapakuwa na shule ya watoto weusi karibu nao.

Maili 5 Kwenda, Maili 5 Kurudi

Mary alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, mwalimu mmoja mweusi, Emma Jane Wilson, alifungua shule ya umisheni ya Wapresbiteri pale Mayesville. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wazazi wampe watoto. Familia ya McLeod ilihitaji kila mkono shambani, hivyo aliweza kwenda mtoto mmoja tu. Wakamchagua Mary.

Shule ilikuwa umbali wa maili 5 hivi, yaani kilomita 8. Mary alitembea kwenda na kurudi. Hapo alijifunza herufi, hesabu, na hadithi za Biblia. Jambo linalotuhusu zaidi ni kile alichofanya alipofika nyumbani jioni. Aliwakusanya ndugu zake akawafundisha yale aliyofundishwa mchana. Aliwasomea wazazi Biblia ile iliyokaa nyumbani muda mrefu bila msomaji.

Kisha akaja kwenye mizani. Wakulima weusi walipopeleka pamba kuuza, wengi hawakuweza kusoma uzito wala kukokotoa malipo. Walipokea walichopewa. Mary alipojua hesabu, alianza kuwasaidia baba yake na majirani kuhakikisha uzito na kupiga mahesabu yao. Fikiri, ndugu msomaji: mtoto wa shule ya msingi amesimama kando ya mizani, na watu wazima wanamtegemea asije mtu akawapunja. Mithali 11:1 hutuambia jinsi Bwana anavyoitazama mizani ya udanganyifu. Somo la hesabu lilikuwa limegeuka kuwa haki ya jirani.

Hakuna aliyempa cheti kwa hilo. Lakini tukiuliza mafanikio yake ya kwanza shuleni yalikuwa nini, tutayaona pale kwenye mizani.

Alipomaliza shule ya Mayesville, njia ilifungwa. Nyumbu wa kulimia alikufa, baba akalazimika kuingia deni ili kupata mwingine, na fedha ya kuendelea na masomo haikuwepo. Mary alirudi kwenye pamba, akiomba. Huko Denver, katika jimbo la Colorado, mwanamke mshonaji wa nguo aitwaye Mary Crissman alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo ili amsomeshe msichana mmoja mweusi ambaye angeitumia vizuri nafasi hiyo. Mwalimu Wilson alipoulizwa, alimtaja Mary. Hivyo mwaka 1888 akaingia Scotia Seminary, shule ya bweni ya wasichana huko Concord, North Carolina, akasoma hapo mpaka 1894.

Tusimpite haraka mshonaji yule. Hakuwa tajiri, na wakati anaitoa fedha yake hakuwa amemwona mtoto anayemsaidia. Wengi waliosoma baadaye kupitia kwa Mary walikula matunda ya sindano yake.

Mlango wa Afrika Wafungwa

Tangu ujana wake Mary alikuwa na shauku moja: kwenda Afrika kuwa mmisionari. Alipotoka Scotia alijiunga na chuo cha Biblia cha Moody huko Chicago, akajiandaa kwa kazi hiyo. Alipomaliza mwaka 1895, alipeleka maombi yake kwenye halmashauri ya umisheni ya Wapresbiteri. Akajibiwa kwamba hapakuwa na nafasi Afrika kwa mmisionari mweusi.

Mary alisema baadaye kwamba hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko yote maishani mwake. Tuelewe uzito wake. Aliyemfungia mlango alikuwa kanisa lenyewe, kanisa lililomfundisha kusoma na kumwonyesha Yesu. Wapo wengi ambao wangeiacha imani hapo.

Yeye alirudi Mayesville kumsaidia mwalimu wake wa zamani. Kutoka hapo alikwenda Augusta, Georgia, akafundisha katika shule ya Lucy Craft Laney, mwanamke mweusi aliyezaliwa siku za utumwa na kuanzisha shule kubwa kwa ajili ya watoto wa watu wake. Kwa Laney, Mary aliona kwamba shamba la umisheni alilokuwa akililia ng'ambo ya bahari lilikuwa pia mtaani pale, na watoto wasio na mwalimu walikuwa wamejaa.

Mwaka 1898 aliolewa na Albertus Bethune, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Albert. Wakahamia Palatka, Florida, ambako Mary alifundisha katika shule ya umisheni na kuwatembelea wafungwa gerezani. Maisha ya ndoa yao hayakuwa mepesi. Mwaka 1907 mumewe aliondoka, na hawakuishi pamoja tena.

Dola Moja na Nusu

Mwanzoni mwa karne ya 20, pwani ya mashariki ya Florida ilikuwa ikijengwa reli na hoteli za watalii. Vibarua weusi walimiminika huko na familia zao, na watoto wao walizurura bila shule. Mary alisikia habari hizo akaenda Daytona. Alikuwa na dola 1 na senti 50.

Alipata nyumba ndogo ya kupanga kwa dola 11 kwa mwezi, akamsihi mwenye nyumba amvumilie mpaka apate kodi. Mwezi wa Oktoba 1904 akafungua shule. Wanafunzi walikuwa wasichana 5, wenye umri kati ya miaka 6 na 12, pamoja na mwanawe Albert.

Vifaa vya darasa lile vingemkatisha tamaa mkaguzi yeyote wa shule. Makasha ya mbao yaliyotupwa yaligeuzwa madawati. Vijiti vilivyoungua vilikuwa kalamu za risasi. Matunda madogo meusi ya porini yalipondwa yakawa wino. Mary alipita nyuma ya hoteli na kwenye jaa la mji akiokota vyombo vilivyovunjika, taa, na vitambaa, kisha yeye na wasichana wakavisafisha na kuvitengeneza. Watoto walijifunza kwamba kitu kilichotupwa kinaweza kurudishiwa kazi.

Fedha ilitoka jikoni. Usiku walipika viazi vitamu wakaoka mikate yake, na mchana wakawauzia wajenzi wa reli. Waliuza pia aiskrimu. Wasichana walifundishwa kuimba, wakaimba katika hoteli za watalii, na Mary akasimama kueleza kazi ya shule na kupokea sadaka.

Hapa tunakumbuka mjane wa 2 Wafalme 4. Elisha alimwuliza alichokuwa nacho nyumbani, naye alikuwa na chupa ya mafuta tu. Musa aliulizwa habari ya kilichokuwa mkononi mwake, nacho kilikuwa fimbo ya mchungaji. Andrea aliona mikate 5 ya mvulana mmoja akadhani haitoshi. Bwana huanza na kilichopo.

Kichwa, Moyo na Mkono

Shule iliongezeka upesi, na nyumba ile ikawa ndogo. Mary aliona kipande cha ardhi ambacho watu walikitumia kama jaa. Bei ilikuwa dola 200. Alitoa dola 5 za kwanza, zilizotokana na mikate ya viazi na aiskrimu, akaendelea kulipa kidogo kidogo. Juu ya jaa lile lilisimama jengo lake la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1907 na kuitwa Jengo la Imani.

Miongoni mwa matajiri aliowaomba msaada alikuwa James Gamble, wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble. Inasimuliwa kwamba alipokuja kuiona shule aliyoombwa kuwa mdhamini wake, alishangaa kukuta hakuna cha kuona. Mary alimweleza kwamba shule iko katika mawazo yake na katika imani yake, na kwamba anamwomba awe mdhamini wa jambo litakalokuwako. Gamble alikubali, akaitumikia shule kwa miaka mingi. Thomas White, mwenye kiwanda cha cherehani, naye alikuja, akaona hali ilivyo, akasaidia kwa fedha na cherehani mpya.

Masomo yalikuwa nini? Biblia ilikuwa mwanzo wa siku. Kulikuwa na kusoma, kuandika na hesabu. Kulikuwa na upishi, ushonaji, usafi na bustani. Lengo lilikuwa kufundisha kichwa, moyo na mkono kwa pamoja. Wasomaji wetu watalitambua wazo hilo. Kitabu cha Ellen G. White kiitwacho Elimu kilichapishwa mwaka 1903, mwaka mmoja kabla ya shule ile kufunguliwa, nacho kinaeleza elimu ya kweli kuwa ukuaji wa mwili, akili na roho kwa ulinganifu.

Wasichana wa Daytona hawakuachwa wajifunze kwa ajili yao peke yao. Ndani ya misitu ya misonobari zilikuwako kambi za vibarua waliogema utomvu wa kutengenezea tapentaini. Maisha ya huko yalikuwa ya dhiki, na watoto wa kambini hawakuwa na shule. Mary alianzisha madarasa huko, na wanafunzi wake wakaenda kufundisha kusoma, kuimba na Maandiko. Mtoto aliyekuwa hajui herufi mwaka uliopita alisimama mbele ya mtoto mwingine na kumwonyesha herufi. Ilikuwa desturi ileile ya Mayesville: ulichopewa mchana, mpe mwenzako jioni.

Mwanafunzi Barazani na Watu Usiku

Siku moja mwanafunzi wake alishikwa na kidole tumbo. Hospitali iliyokuwapo ilikuwa ya Wazungu. Mary aliwasihi madaktari mpaka wakakubali kumpasua mtoto. Alipokwenda kumwona, alimkuta amelazwa kwenye baraza la nyuma. Mary akaamua kwamba jambo hilo halitajirudia. Mwaka 1911 akafungua hospitali ndogo karibu na shule, ikapewa jina la McLeod, na wasichana wakapata nafasi ya kujifunza uuguzi. Tena darasa lilizaa huduma kwa jirani.

Mwaka 1920 wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura. Mary aliwafundisha watu weusi wa Daytona, wanaume kwa wanawake, ili waweze kujiandikisha. Usiku wa kuamkia uchaguzi, kundi la Ku Klux Klan, lililojulikana kwa kuwatisha na kuwaua watu weusi, lilifika kwenye uwanja wa shule likiwa limevaa kanzu nyeupe. Mary alisimama mbele yao bila kukimbia. Waliondoka bila kudhuru mtu. Asubuhi aliwaongoza watu wake kwenda kupiga kura.

Mwaka 1923 shule yake iliunganishwa na chuo cha wavulana cha Cookman kutoka Jacksonville, na baadaye ikawa Bethune-Cookman College, ambayo leo ni chuo kikuu. Mwaka 1935 alianzisha baraza la kitaifa la wanawake weusi. Mwaka 1936 alianza kuongoza idara ya vijana weusi katika serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt. Mwaka 1945 alihudhuria mkutano wa San Francisco ulioanzisha Umoja wa Mataifa, akiwa mshauri wa ujumbe wa Marekani.

Na Afrika je? Mwaka 1952, miaka 57 baada ya kukataliwa na halmashauri ya umisheni, Mary alisafiri kwenda Liberia kuiwakilisha Marekani katika sherehe ya kuapishwa kwa Rais William Tubman. Alikuwa na umri wa miaka 76. Aliikanyaga ardhi aliyoiombea akiwa msichana, huku nyuma yake akiwa ameacha shule iliyoanza na watoto 5.

Alifariki tarehe 18 Mei 1955 nyumbani kwake Daytona Beach, akazikwa katika uwanja wa chuo, juu ya ardhi iliyokuwa jaa. Mwaka 2022 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani kwa niaba ya jimbo la Florida. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwakilisha jimbo katika mkusanyiko huo wa sanamu.

Kwa Shule Zetu na Madarasa Yetu

Tunapomaliza, turudi kwenye swali la mwanzo. Wapo watoto wetu ambao hawatakuwa wa kwanza darasani. Wengine wanasoma katika shule za kanisa zenye paa linalovuja, na mwalimu anayengoja mshahara. Ni rahisi kuidharau siku ya mambo madogo, na nabii Zekaria alijua hilo. Lakini mtoto anayemsomea bibi yake fungu la kukariri kwa kuwa macho ya bibi yamefifia, amefaulu. Anayemsaidia mama sokoni kukokotoa chenji ili asipunjwe, amefaulu. Anayemfundisha mdogo wake wimbo wa Shule ya Sabato, amefaulu. Kumbukumbu la Torati 6 inataka maneno ya Mungu yazungumzwe nyumbani na njiani, na mara nyingi anayeyabeba kutoka darasani hadi nyumbani ni mtoto.

Kwa hiyo mwalimu, unapoandaa somo la watoto, jiulize watakwenda kumpa nani. Mzazi, mtoto akirudi nyumbani, pamoja na kumwuliza amepata ngapi, mwombe akufundishe jambo moja alilojifunza. Mshiriki, usisubiri kuwa tajiri ndipo ulipe karo ya mtoto mmoja. Kama Mungu alimtumia mshonaji wa Denver, anaweza kukutumia wewe pia.

Maswali ya Kujadili

1. Shule yetu ya kanisa, au darasa letu la watoto, hupima mafanikio kwa vipimo gani? Ni kipimo gani tungeongeza baada ya kusoma habari hizi?

2. Mary alifungiwa mlango na kanisa lililomlea. Ni nini kilichomsaidia kuendelea kumtumikia Mungu? Linganisha na habari za Yusufu (Mwanzo 50:15–21). Je, yupo miongoni mwetu aliyeumizwa na uamuzi wa kanisa, na tufanye nini ili tumtie moyo?

3. Soma tena 2 Wafalme 4:1–7. Taja vitu ambavyo kikundi chenu tayari kinavyo ambavyo vingeweza kuanzisha huduma ya elimu kwa watoto wa mtaa wenu.

4. Je, yuko mtoto katika kanisa lenu aliyeacha shule kwa kukosa karo au kwa sababu ya kazi za nyumbani? Kabla ya Sabato ijayo, nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake?